Ufunguo Uliofungwa kwenye Kikombe cha Maziwa

Kompyuta zenu hazina swichi. Msinibishie, nimeziangalia. Kuna mahali mnapagusa kwa ncha ya kidole, kisha mnangoja mashine iamue yenyewe kama inataka kuamka. Ukitaka kuizima lazima uiombe, nayo inakujibu kwamba ina shughuli kidogo, subiri. Ya kwangu ilikuwa na swichi nyekundu ubavuni, na ukiisukuma ilisema "ka!" hata mtu wa chumba cha pili akajua Rebeka ameingia kazini. Ukiizima ilizimika hapo hapo, haina la kusema.

Rebeka ni mimi. Nilistaafu kutoka kiwanda cha chai huku upande wa Merigi, na nilikuwa na kompyuta tangu ile ya kwanza kabisa iletwe, miaka ya tisini. Majuzi nilipita kwa vijana wanaotengeneza mashine pale Silibwet, nikawauliza kwenye kompyuta mpya wanazouza tundu la ufunguo liko wapi. Walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta.

"Kompyuta ya ufunguo, kogo?" akaniuliza. "Kama tinga?"

Ndiyo, mjukuu wangu, kama tinga, trekta la shamba. Na kwa sababu mlicheka, nitawaambia habari za huo ufunguo, maana nusura unirudishe shambani kuchuma majani.

Mkubwa wa ofisi yetu alikuwa Bwana Langat, mtu mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Kabla ya kuletwa ofisini alikuwa akisimamia malori na matinga ya kiwanda, na alipopewa kompyuta aliitunza kwa sheria zile zile. Sasa, mbele ya sanduku la mashine yetu kulikuwa na kidirisha kidogo cha tarakimu nyekundu na kitufe kilichoandikwa TURBO. Ukikibonyeza, tarakimu zinaruka kutoka 33 hadi 66 na mashine inaongeza mwendo. Ukikibonyeza tena inarudi pole pole. Mtaniuliza ni nani mwenye akili anayetaka kitufe cha kupunguza mwendo. Nami nitawajibu kwamba programu nyingi za zamani, hasa michezo, hazikuwa na saa ya kwao. Zilienda kwa mwendo wa mashine, na mashine ikiwa na mbio nazo zinakimbia hadi huwezi kuzishika. Kitufe kilikuwa cha kuzifunga breki.

Bwana Langat hakutaka maelezo hayo. "Injini baridi haikimbizwi," alisema. Kwa hiyo asubuhi yote tulienda na 33. Baada ya chai ya saa nne alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya mashine, akaigusa juu kwa kiganja kuona imepata joto la kutosha, ndipo akabonyeza Turbo kwa kidole gumba. "Sasa endelea," ananiambia, na anaenda zake ameridhika.

Fundi wetu, Wafula, alijaribu kumweleza. Wafula alikuwa amehamia Kericho mjini kutoka Bungoma, na alizunguka shule, viwanda na maofisi yote ya huku na begi moja la ngozi. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alimwambia Bwana Langat kwamba mashine haina oili wala pistoni, haichoki.

"Hata dereva wangu wa kwanza alisema hivyo," Bwana Langat akamjibu. "Uliza hiyo lori iko wapi saa hii."

Wafula akakunja waya zake, akafunga begi.

Lakini nisiwafanye mumwone Bwana Langat kama mtu wa kazi tu. Saa ya chakula alifunga mlango akacheza. Kulikuwa na mchezo wa nyoka anayekula matunda na kurefuka, na ukigonga ukuta umekufa. Aliucheza na Turbo imezimwa, nyoka anatambaa kwa adabu, naye ameinama pale na miwani yake kama mtu anayesoma Zaburi. Nami nilikuwa na faili za kuweka kwenye rafu iliyokuwa juu ya ile mashine. Nyoka akishakuwa mrefu, nilibisha hodi, nikaingia na faili, nikanyoosha mkono juu ya rafu, na kiwiko changu kikapita kwenye kile kitufe. Nyoka aliondoka mbio akajigonga ukutani kabla mzee hajainua kidole.

"Stima ya leo iko na nguvu sana," alisema Bwana Langat.

"Ni kweli, Bwana Langat," nikasema. "Hata jana ilikuwa hivyo."

Nilikuwa msichana mdogo na sikuwa na adabu ya kutosha. Wala sijaipata yote mpaka leo.

Sasa kibodi. Zenu ni nyembamba kama chapati na zikiingia uchafu mnazitupa. Yetu ilikuwa nzito hata ungeweza kufukuza mbwa nayo, na kila herufi ilikuwa ni kofia inayong'oka. Kiwanda cha chai kina vumbi laini la majani, linapanda ngazi, linaingia masikioni, na likilala ndani ya kibodi likapata unyevu wa asubuhi ya huku kwetu, herufi A inakwama chini haipandi tena. Dawa yake: ng'oa kofia zote, zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, safisha ndani kwa mswaki mkavu, kisha zianike. Na mahali pazuri pa kuanika pote kiwandani ni juu ya vile vitanda virefu vya kunyaushia majani mabichi, ambako feni zinapuliza hewa ya joto kutoka chini mchana kutwa.

Hapo Wafula alinionya nisithubutu. Kiwanda kimoja, hakusema kipi, karani alianika kofia za kibodi pale pale juu ya majani. Alipozirudia alikuta moja haipo, na majani ya kitanda kile yameshashuka kwenye mashine za kusaga.

"Herufi gani?" nilimuuliza.

"Q," akasema Wafula. "Mungu ni mwema. Kiswahili haiitumii, na mzungu aliyeinywa hakulalamika."

Tangu siku ile nilianika zangu ndani ya soksi iliyofungwa fundo. Akanifundisha pia kusafisha meno ya memori kwa raba ya penseli, ile nyeupe laini, na kusikiliza mlio wa mashine inapoamka. Mlio mmoja mfupi, ni mzima. Milio mingi, vuta kiti, leo una kazi. Nyinyi mashine zenu zikiumwa zinakaa kimya na skrini nyeusi, mtajuaje?

Na ufunguo? Nakuja, nakuja.

Upande wa kulia wa kile kidirisha cha tarakimu kulikuwa na tundu la mviringo. Ufunguo wake ulikuwa mfupi, mtupu katikati kama bomba dogo. Ukiuzungusha, kibodi inafungwa: mashine inaweza kuwashwa, lakini inalia, inaandika kwamba kibodi imefungwa, na hapo inakaa. Andika hata kwa nyundo, haikusikii. Bwana Langat aliupenda ufunguo ule kuliko kitu chochote ofisini. Aliuweka kwenye mnyororo mmoja na wa nyumba yake na wa ghala la mbolea, na alipotoka hata kwenda kujisaidia alifunga kwanza. Skrubu za sanduku nazo alizibandikia karatasi ya gundi, akaziwekea sahihi yake, ili mtu asifungue ndani na kuchomoa waya za kufuli. "Mtu akigusa hii mashine kama sipo," alitutangazia, "aende nyumbani achume majani."

Siku moja Wafula alikuja kusafisha, Bwana Langat akiwa nje na wenye malori. Wafula akatoa kwenye begi funguo tatu. Mmoja wa shule ya sekondari, mmoja wa ushirika wa maziwa pale Merigi sokoni, mmoja wake mwenyewe. Akajaribu wa kwanza kwenye tundu letu, ukazunguka. Wa pili, ukazunguka. Wa tatu pia.

Nilishika mdomo. "Kwa hivyo zote ni moja?"

"Waliotengeneza hizi kufuli walichoka mapema," akasema. "Lakini usiambie mzee. Kila mtu anataka kitu moja ya kulinda."

Sikumwambia.

Sasa mjue hali yangu ilivyokuwa. Niliandikwa kwa majaribio, na mashine nayo ilikuwa kwa majaribio. Kiwanda ni cha wakulima, na wakulima wana wajumbe wao, na mjumbe mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mzee Tonui. Yeye alikwisha sema mkutanoni, mbele ya watu, "Kitu ambayo inakula stima na haitoi hata jani moja, ipelekwe kwa wale jirani wanaitaka." Kiwanda jirani walikuwa wakiimezea mate kweli. Ikienda, nami naenda, narudi kwa mama kwenye mistari ya chai na kikapu mgongoni. Si kwamba kuchuma ni aibu, mama yangu alitulea kwa kuchuma. Lakini nilikuwa nimeshaonja kukaa kwenye kiti chenye magurudumu, na sikutaka kukiacha. Nasema ukweli.

Wajumbe walikuwa wamepanga kuja kuiangalia mashine ikifanya kazi wiki iliyofuata, ndipo waamue. Bwana Langat alikuwa na mpango wote kichwani, hata shati. Kwa hiyo Jumamosi ya kabla yake hakuona ubaya kwenda Fort Ternan kwenye koito ya mtoto wa ndugu yake. Kama hamjakaa kwenye koito, ni siku wazee wa pande mbili wanakaa kupatana mahari, na ukishaketi ndani huinuki mpaka mambo yameisha. Huwezi kuitwa nje, huwezi kutumiwa mtu. Alifunga mashine, akajaribu kibodi mara mbili kuona imefungwa kweli, akaondoka na mnyororo wake.

Chai ya saa nne ilikuwa haijapoa mikononi mwetu, wajumbe watatu wakaingia, Mzee Tonui mbele na fimbo yake.

"Chamgei, wazee," nikasema.

"Chamgei. Tumekuja kuona hiyo mashine," akasema. "Leo. Si ile siku mnatayarisha."

"Bwana Langat hayuko, mzee."

"Hatukuja kuona Langat. Yeye tunajua anafanya kazi."

Nifanye nini? Nikasukuma swichi. Ka! Mashine ikaamka, ikahesabu memori yake, ikalia, ikaandika yale maneno yake kwamba kibodi imefungwa, ikakaa. Wazee wakainama wote watatu.

"Inasema nini?" akauliza Mzee Tonui.

"Inasema… bado inajitayarisha, mzee."

"Itajitayarisha mpaka saa ngapi?"

Mlangoni alikuwa amesimama Bwana Koech, mkubwa wa kutengeneza chai kiwandani. Alikuwa mtu mnene mwenye utani, na aliijua ile kufuli kama sisi sote. Alitazama skrini, akanitazama mimi nilivyobadilika rangi, akaelewa.

"Wazee wangu," akasema, "itakuwaje mwangalie kompyuta kabla hamjaonja chai ya wiki hii? Watu watasema mlikuja kwa sababu ya stima. Karibuni kwa chumba ya kuonja."

Mzee Tonui alitaka kukataa, lakini wale wawili walikuwa wameshageuka. Bwana Koech alipopita karibu nami akaninong'oneza, "Kimbia, lakini sijui unakimbia wapi."

Mimi nilijua. Nilivua viatu nikashuka na kinjia cha katikati ya mashamba ya chai, mpaka wanawake waliokuwa wakichuma wakainuka kuniangalia. "Rebeka, ni moto?" mmoja akaniita. "Bado," nikamjibu bila kusimama.

Pale ushirika wa maziwa, kompyuta yao ilikuwa chini ya Kemunto, Mkisii wa rika langu, wazazi wake walikuja huku zamani kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho. Nilimkuta anafagia. Nilimweleza nikihema, naye akaleta ufunguo. Ila haukuja peke yake. Ulikuwa umechomelewa na fundi wa jua kali kwenye mkono wa kikombe cha kupimia maziwa, kile cha alumini cha nusu lita, chenye mkono mrefu kama mwiko.

"Kemunto, hii ni nini?"

"Mkubwa wangu alipoteza huo ufunguo, ukapatikana, akapoteza tena," akasema. "Tukaona kitu moja tu haiwezi kupotea hapa ni kikombe ya kupima. Wakulima wote wanaiangalia."

Nilivuta, haukutoka. Kemunto akanicheka.

"Chukua yote. Lakini irudi kabla ya maziwa ya jioni, ama watu watapima mimi."

Nilipanda kile kilima na kikombe mkononi, matone ya maziwa ya asubuhi yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Kule chumba cha kuonja mambo yalikuwa yameharibika kwa namna yake. Waonja chai, kama hamjaona, huvuta chai kwa kijiko kwa kelele, wanaizungusha mdomoni, halafu wanaitema kwenye ndoo. Bwana Koech aliwaonyesha vizuri. Lakini Mzee Tonui alikuwa mtu aliyelelewa. "Niteme chai ya mtu mbele yake?" akauliza. "Mama yangu angetoka kwa kaburi." Kwa hiyo walimeza. Meza ilikuwa na vikombe kutoka ukuta hadi ukuta, na chai ya kuonja hupikwa kali, haina maziwa, haina sukari. Wazee walikuwa wamefika mwisho wa safu, macho yamewatoka, mmoja anatetemesha mguu bila kujua.

"Chai ni mzuri, Koech," Mzee Tonui alikuwa akisema. "Lakini hii umetupatia ni nusu ya chai. Ile nusu ingine iko wapi?"

Ndipo nikatokea mlangoni na kikombe cha maziwa mkononi.

"Ahaa," akasema Mzee Tonui, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza. "Maziwa imefika."

"Hapana, mzee," nikasema. "Hii ni ya kompyuta."

Bwana Koech akageuka dirishani, mabega yakimtikisika.

Tukarudi ofisini. Nikatanguliza mwili wangu mbele ya mashine, nikaingiza ufunguo, ukazunguka kama nyumbani kwake. Lakini kikombe nacho kilikuwa pale pale, kinaning'inia mbele ya sanduku kikigonga bati, ti, ti, ti. Sikuweza kuuchomoa ufunguo, maana wazee walikuwa wameshanizunguka. Nikainua kikombe nikakilaza kidogo juu ya sanduku, kisha kikateleza kikaning'inia tena. Nikawasha upya. Mlio mmoja mfupi.

Mzee Tonui akanyoosha fimbo. "Na hiyo?"

"Ni ya kupimia, mzee."

"Inapima?"

"Inapima."

Alitafakari. Mtu wa maziwa na chai anaheshimu kitu kinachopima, hata asipojua kinapima nini. "Hiyo ni mzuri," akasema. "Kitu bila kipimo ni wizi."

Baada ya hapo nilipata nguvu. Sheria ya injini baridi niliisahau, nikabonyeza Turbo pale pale, na tarakimu zikaruka hadi 66. Wazee walisogea karibu.

"Imetoka thelathini na tatu ikafika sitini na sita," Mzee Tonui akawaambia wenzake, "na haijatoa hata moshi."

Nikaandika majina yao matatu, na chini ya kila jina kituo chake cha kuuzia majani, nikayatuma kwa printa. Printa za siku zile hazikunong'ona. Ilikuwa na sindano ndogo zinazopiga utepe wa wino, na ilipoanza ililia kama msumeno kwenye bati. Mjumbe mmoja alirudi nyuma na kuinua fimbo. Mzee Tonui hakurudi. Alisimama akiangalia jina lake likitoka mstari kwa mstari, jina la babu yake likiwa ndani yake, na nikaona midomo yake inalisoma polepole.

"Tena," akasema.

Nikachapisha tena. Nilimkatia karatasi, nikachana zile kingo zenye matundu, akaziomba nazo pia. Alikunja kila kitu akaweka ndani ya kofia yake, kisha akaangalia wenzake, ambao kwa ile chai yote walikuwa hawawezi tena kusimama mahali pamoja.

"Mashine ikae," akasema. "Na huyu msichana akae nayo. Lakini Koech, siku ingine utulete maziwa ya watu pia."

Nilizima mashine, nikaifunga tena, na kikombe nikakirudisha mapema. Kemunto alikinusa, akasema kinanuka wino, akakisuuza, akaanza kupima.

Jumapili baada ya ibada, Bwana Langat akiwa amerudi kutoka Fort Ternan, Mzee Tonui alimkamata mkono nje ya kanisa na kumsifu mbele ya watu. Nilikuwa mbali kidogo, lakini niliyasikia. "Langat, mashine yenu ni mzuri. Na ile kikombe yake inapima, hiyo uliweka akili sana." Bwana Langat alisema, "Asante, mzee," kwa uso wa mtu anayesalimiwa na mtu asiyemfahamu.

Sikulala vizuri. Jumatatu alifika kabla yangu. Nilimkuta ameinamia skrubu, akiangalia sahihi zake moja moja. Zote zilikuwa nzima. Akautazama ufunguo wake kwenye mnyororo. Akapitisha kidole juu ya sanduku, akakinusa, akatoa kitambaa akapangusa. Mimi nilisimama na faili kifuani nikingoja kuambiwa niende kwa mama. Akaketi.

"Rebeka," akasema, "saa nne imefika?"

"Bado, Bwana Langat."

"Basi tungoje ipate moto."

Nikangoja wiki hiyo, nikangoja mwezi. Hakuna neno lililokuja. Badala yake ikaja barua ya kuajiriwa, nami nikajiambia kwamba mzee hakugundua, wazee wa matinga hawajui mambo ya kompyuta. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Mashine mpya zikaletwa, hazina Turbo, hazina tundu, na ile yetu ikasukumwa pembeni karibu na dirisha. Saa ya chakula bado aliifungua kwa ufunguo wake akacheza nyoka, na faili zangu bado zilikuwa kwenye rafu ya juu yake, sijui kwa nini hatukuzihamisha.

Siku alipostaafu tulimfanyia karamu kule juu, penye vitanda vya kunyaushia. Watu walisema maneno yao, akapewa blanketi na redio. Halafu akasema naye ana kitu cha kutoa. Akaniita mbele, akanipa mzigo uliofungwa kwa gazeti.

Nilifungua. Kilikuwa kikombe cha kupimia maziwa, cha alumini, kipya, bado kina karatasi ya duka. Na kwenye mkono wake, kwa waya uliosokotwa kwa uangalifu, ulikuwa umefungwa ufunguo wake.

"Shika," akasema. "Sasa hutakimbia tena mpaka kwa maziwa."

Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Bwana Koech alitoka nje haraka, na tukamsikia huko akicheka karibu na rundo la kuni. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na sikuona haya.

Watu walipoanza kula nilimfuata Bwana Langat. "Ulijua lini?"

"Ile Jumatatu. Mzee Tonui alinitajia kikombe, na kikombe yenye ufunguo iko moja tu, ile ya ushirika. Hii kiwanda hatuweki maziwa kwa chai ya kuonja, Rebeka, na juu ya mashine yangu kulikuwa na duara nyeupe."

"Na ulisema atakayegusa aende nyumbani. Kwa nini hukunifukuza?"

Alinitazama kwa yale macho yake makali.

"Nikufukuze," akasema, "nani angekuwa anabonyeza hiyo kitufe nikicheza?"

Kisha akanigusa ubavuni kwa kiwiko, akaenda kutafuta kofia yake.